Digrii ya Gesi na Hesabu ya Kuchagua Kozi

Kuanzia mwaka 2010, kampuni za nje zilizokuwa zikitafuta gesi katika kina kirefu cha bahari ya Lindi na Mtwara zilitangaza ugunduzi mmoja baada ya mwingine, hadi makadirio ya gesi asilia iliyopo nchini Tanzania yakafika futi za ujazo trilioni 57. Vyuo vikuu navyo vikaitikia. Kozi za uhandisi wa petroli na jiolojia ya petroli zikafunguliwa Dodoma na Dar es Salaam, na vijana waliofaulu vizuri PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, wakazikimbilia. Sababu walikuwa nazo. Gesi ilijadiliwa bungeni, wazazi waliisikia redioni kila siku, na Lindi ilitajwa kuwa ndiko kutakakojengwa mtambo mkubwa wa kuisindika. Kijana mwenye pointi za kusoma uhandisi wa umeme au wa mitambo aliona heri aende kwenye kozi iliyobeba jina la utajiri wenyewe.

Mtambo huo haujajengwa. Bei ya mafuta duniani ilianguka kuanzia katikati ya 2014, mazungumzo ya serikali na kampuni yakavutana mwaka hadi mwaka, na uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ungali unasubiriwa. Baadhi ya wahitimu wa kozi zile walipata nafasi katika taasisi za serikali zinazosimamia sekta hiyo, na wengine katika mradi wa bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga. Lakini wapo waliojikuta na cheti kinachotaja kazi moja tu, na kazi yenyewe haijaja.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha upungufu wa mjadala wetu. Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka na dirisha la udahili likifunguliwa, vijana huambiwa wachague kati ya mawili: ufuate soko, au ufuate unachokipenda. Wale wa gesi walifuata soko, tena kwa utii, na bado wengi hawakufika walikoahidiwa.

Hata hivyo sikubaliani na wanaohitimisha haraka kwamba basi kijana afuate moyo wake, mengine yatajipanga. Ushauri huo ni rahisi kuutoa kama una pa kuangukia. Mtoto wa mkulima wa Sumbawanga anayeingia chuo kikuu hajipeleki peke yake. Nyuma yake kuna shamba lililouzwa au michango ya ukoo, na wadogo zake wanangoja apate kazi ili nao wasomeshwe. Anaingia pia na deni. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, mnufaika wa Bodi ya Mikopo akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, badala ya asilimia 8 ya awali. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa inalikuza deni kila mwaka, ilifutwa mwaka 2021, na ulikuwa unafuu wa kweli kwa wengi, ila deni lenyewe lazima lilipwe. Kumwambia kijana huyu asiwaze ajira ni kutomheshimu.

Tatizo la kufuata soko liko kwenye muda. Kozi inachukua miaka mitatu, minne au mitano, na soko unalolitazama siku ya kujaza maombi silo utakalolikuta siku ya mahafali. Ualimu unatosha kuwa ushahidi. Aliyeingia chuo mwaka 2011 akahitimu 2014 aliweza kupangiwa shule mwaka uliofuata bila usaili wowote, kama ilivyokuwa desturi. Mdogo wake aliyeingia mwaka mmoja baadaye, kwa ushauri uleule wa nyumbani, alihitimu 2015 akaukuta mlango unafungwa. Mwaka 2016 serikali ilisitisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa, na zilipoanza kutolewa tena wakatangulizwa walimu wa sayansi na hisabati. Wa Historia, Jiografia na Kiswahili walisubiri miaka. Leo mwalimu anaomba kazi kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira na kuitwa kwenye usaili kama waombaji wa kada nyingine.

Kwa hiyo mimi ningehamisha swali. Badala ya kuuliza kozi gani ina soko, kijana aulize: nikihitimu, ni waajiri wa aina ngapi wanaoweza kunichukua, na je, wote wanategemea mradi mmoja? Mhandisi wa umeme anaweza kufanya kazi kwenye mtambo wa gesi siku ukijengwa. Usipojengwa, kuna shirika la umeme la TANESCO, kuna migodi ya Geita na Shinyanga, kuna reli ya kisasa, kuna viwanda, kuna ufundi wa kujiajiri. Mhandisi wa petroli anaijua hesabu ileile na fizikia ileile, lakini akifungua tangazo la kazi anakutana na ukuta, kwa kuwa matangazo yetu ya serikali hutaja shahada kwa majina. Jina la shahada yako lisipokuwamo kwenye orodha, uwezo wako hauna pa kujieleza. Nadhani hili halisemwi vya kutosha kwa wanafunzi wa kidato cha sita, hasa wakati vyuo vinapobuni kozi zenye majina mapya ili kuvutia waombaji. Utaalamu mwembamba unaweza kungoja shahada ya pili, au mafunzo kazini.

Kuna pingamizi kubwa kwa hoja yangu, na halikwepeki. Udaktari, uuguzi na famasia ni kozi zilizobanwa sana, na bado ni miongoni mwa zinazoaminika zaidi. Upande wa pili, sosholojia au sayansi ya siasa ni elimu pana inayomfungulia mtu sehemu nyingi, na wahitimu wake wanasota. Upana peke yake hautoshi. Muuguzi analindwa na mambo mawili: hospitali, vituo vya afya na zahanati viko kila wilaya, na hakuna anayeruhusiwa kufanya kazi yake bila leseni. Mwenye shahada pana isiyo na leseni anashindana na kila mtu. Simwambii asisome sosholojia. Nchi inahitaji watu wanaoielewa jamii. Namwambia aijue hali hiyo tangu mwaka wa kwanza, na aongeze kitu mkononi, iwe takwimu, lugha ya kigeni au uandishi wa miradi, kabla mahafali hayajamkuta.

Halafu kuna jina la chuo. Wapo wanaokubali kozi yoyote ilimradi wawe Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wapo wanaosema chuo ni chuo, bora cheti. Mambo yanatofautiana kwa fani. Kwenye uhasibu, mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, ni ileile kwa wote, na aliyeipata CPA, sifa ya uhasibu inayotolewa na bodi hiyo, hana haja ya kueleza alisoma wapi. Kwenye sheria kila mhitimu anayetaka uwakili analazimika kupita Shule ya Sheria kwa Vitendo, na huko ndiko ubora wa chuo ulichotoka unapojidhihirisha. Mwaka 2022 yalitoka matokeo yaliyoishtua nchi: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Wengine waliilaumu shule yenyewe, wengine wakavinyooshea kidole vyuo vinavyodahili wengi kuliko uwezo wa kuwafundisha. Lawama iangukie popote, aliyeumia ni kijana aliyedhani amemaliza kuchagua siku aliyopata nafasi ya sheria, bila kuuliza wahitimu wa chuo hicho hufika wapi. Mtu anayekwenda kwenye fani yenye mtihani wa kitaifa mwishoni angejali kidogo majengo na mji, ajali sana nani anafundisha na kwa wanafunzi wangapi.

Yote haya yanachukulia kwamba kijana anachagua kwa hiari yake. Wengi kozi zao ziliamuliwa mapema, pale shule yao ya kata ilipokosa mwalimu wa fizikia kidato cha pili. Mwaka 2024 tahasusi za kidato cha tano, yaani michepuo ya masomo, ziliongezwa hadi 65, na ni hatua nzuri. Lakini orodha ndefu haimsaidii mtoto ambaye somo lenyewe halikufundishwa.

Hapo ndipo majuto nayo yanahitaji kupimwa kwa haki. Warudie wale ndugu wawili wa ualimu. Mkubwa atakwambia alichagua vizuri, mdogo atajilaumu, ilhali walifanya uamuzi mmoja kwa sababu zilezile. Mkulima aliyepanda kwa wakati, mvua ikakatika, hatumwiti mvivu. Vijana wengi wenye digrii wanabeba aibu isiyo yao, na ndugu wanaowasema kwenye vikao vya familia wanaiongeza. Majuto yenye haki ni machache zaidi: kutomuuliza hata mtu mmoja anayefanya kazi unayoitamani, kuifuata kozi kwa sababu rafiki ameichagua, kubaki kwenye kozi mwaka wa kwanza wote ukijua kabisa huiwezi wala huitaki, wakati kuhama bado kuliwezekana.

Kuna jambo moja linaloweza kufanywa sasa, wala halihitaji sera mpya. Kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kinaeleza vizuri sifa za kuingia kila kozi, muda wake na idadi ya nafasi. Hakielezi wahitimu wake wako wapi. Bodi ya Mikopo inajua ilimkopesha nani, kwa kozi gani, katika chuo gani, na kwa kuwa waajiri huwasilisha makato ya kila mwezi, inajua pia nani ameingia kwenye ajira rasmi na baada ya muda gani. Takwimu hizo haziwahesabu waliojiajiri wala wasiokopa, lakini zingetosha kumwonyesha mwombaji picha ambayo leo anaipata kwa uvumi. Zichapwe kwa kila kozi na kila chuo, bila jina la mtu yeyote, pembeni ya zile sifa za kujiunga, kabla dirisha la udahili la mwaka ujao halijafunguliwa.