Haki ya Kulala Mchangani Kando ya Ziwa Elephant Butte

Katika jimbo la New Mexico, kusini-magharibi mwa Marekani, kuna ziwa lililo ndani ya jangwa la Chihuahua ambako mtu bado anaruhusiwa kuteremka na gari lake hadi karibu na maji, akachagua mahali panapompendeza juu ya mchanga, akasimamisha hema lake na kulala, bila kupangiwa kiwanja chenye namba. Ziwa hilo ni Elephant Butte, na hifadhi ya jimbo inayolizunguka ndiyo kubwa kuliko hifadhi zote za jimbo la New Mexico. Ninaamini kwamba ruhusa hiyo ya kulala mchangani ina thamani kuliko kitu kingine chochote kilichomo hifadhini, na kwamba wanaoihatarisha ni sisi wenyewe tunaoifaidi.

Yafaa kwanza kueleza ziwa hili ni la namna gani, kwa sababu wageni wengi huliona kama ziwa la asili na wakalidai mambo lisiyoyaweza. Elephant Butte ni bwawa. Serikali kuu ya Marekani ililijenga kati ya mwaka 1911 na 1916 kwa kuuziba mto Rio Grande kwa ukuta wa zege wenye urefu wa mita 92 hivi kwenda juu, karibu na mwamba unaofanana na tembo, ambao ni kiini kilichobaki cha volkano ya kale. Kusudi lake lilikuwa kilimo. Maji yanayofunguliwa hapo humwagilia pilipili za bonde la Hatch na mashamba ya njugu za pikani ya bonde la Mesilla, hufika El Paso katika jimbo la Texas, na sehemu yake huvuka mpaka kuingia Mexico, kwa kuwa mkataba wa mwaka 1906 unaipa nchi hiyo mita za ujazo milioni 74 hivi kila mwaka usipokuwa wa ukame mkali. Mpiga kambi, kwa hiyo, ni mgeni aliyekaribishwa kulala kwenye ghala la mkulima, na mwenye ghala anapohitaji chakula chake hamwombi mgeni ruhusa.

Hii ndiyo sababu ukingo wa ziwa haukai mahali pamoja. Wakati wa umwagiliaji, maji yanapofunguliwa kwa wingi, boti iliyoegeshwa ukingoni jioni inaweza kukutwa asubuhi imekaa topeni. Likijaa, bwawa linaweza kubeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 2, na katika miaka ya 1980 lilijaa hadi kufurika. Lakini katika karne hii theluji ya milimani inayouletea mto maji imekuwa haba, ukame umeandamana, na mwaka 2013 maji yalishuka chini ya asilimia 5 ya uwezo wake. Majabali ya kandokando yamebaki na utepe mweupe wa madini unaoonyesha maji yalikofikia zamani, juu kabisa, mahali ambapo leo mtu akitazama inambidi ainue kichwa.

Wapo wanaosema kwamba ziwa limekufa na kwamba hakuna haja tena ya kulitembelea. Sikubaliani nao hata kidogo. Maji yaliyobaki yanatosha kuogelea, kuvua kambare na kuendesha boti, na kila mita ambayo ziwa limepoteza imekuwa mchanga wa kupigia kambi. Usiku wa mwezi wa kumi, upepo ukiwa umetulia na mbingu ikiwa haina wingu, Kilimia huchomoza juu ya milima ya mashariki kikiwa wazi kiasi kwamba mtoto anaweza kuzihesabu nyota zake. Tatizo la maji kushuka liko kwingine, nalo halizungumzwi vya kutosha: vyoo, mabomba na mapipa ya taka vilijengwa kufuata ukingo wa wakati wa neema, ilhali wapiga kambi huyafuata maji. Kadiri ziwa linavyopungua ndivyo hema linavyozidi kuwa mbali na choo, na ndivyo uchafu unavyozidi kubaki pale pale mtu alipolala.

Uchafu wenyewe si wa karatasi na makopo pekee. Watu wengi huja na mbao za kupakilia mizigo, zile zinazotupwa nyuma ya maduka, wakizifanya kuni kwa sababu hazina gharama. Mbao huteketea, misumari hubaki. Moto ukizimika na upepo ukapita, misumari hiyo hufunikwa na mchanga, ncha zikiwa juu, ikiwa na kutu na rangi ileile ya mchanga, ikingoja gurudumu la gari au unyayo wa mtoto atakayekuja wiki ijayo. Mbaya zaidi ni desturi ya kufukia makaa. Mtu hudhani kwamba akiyafunika kwa mchanga ameuzima moto, kumbe amelitunza joto lake. Makaa yaliyofukiwa jioni hubaki ya moto kwa saa nyingi, na juu yake panaonekana mahali safi pa kukanyaga. Moto wa ziwani huzimwa kwa maji, ndoo baada ya ndoo, ukikorogwa hadi majivu yapoe mkononi, na maji yako hapo hapo hatua chache tu.

Kuhusu kinyesi nitasema kwa ufupi: anayelala mbali na choo hana budi kuja na choo chake cha kubeba na kuondoka na alichokiweka ndani. Kukifukia karibu na maji yanayopanda na kushuka ni kukikabidhi kwa ziwa. Mishipi ya kuvulia iliyokatika nayo ikusanywe yote, kwa maana ndege wengi wa majini hulitegemea bwawa hili, wakiwamo mwari weupe wanaopita wakati wa kuhama, na uzi wa nailoni ukishamnasa ndege miguuni hana namna ya kujinasua.

Jangwa lenyewe nalo lina masharti yake, na anayeyapuuza huwa mzigo kwa waokoaji. Kiangazi joto hupita nyuzi 35, hakuna kivuli isipokuwa kile ulichokuja nacho, na kwa sababu hiyo miezi ya kwenda na watoto wadogo ni ile ya vuli. Majira ya kuchipua huleta upepo mkali unaong'oa mahema, kwa kuwa kigingi cha kawaida hakishiki katika mchanga mlaini. Kinachoshika ni mfuko uliojazwa mchanga, ukafungwa kamba na kufukiwa kwa kina. Kuanzia Julai huja mvua za radi, na korongo kavu linaloonekana kama limeumbwa kwa ajili ya hema linaweza kujaa maji ya mvua iliyonyesha kilomita nyingi mbali, wakati juu ya kichwa chako nyota zinawaka. Wasomaji wa Baringo na Garissa nchini Kenya watautambua pia mti wa miiba unaoota huko, kwa kuwa ni jamaa wa mathenge, mti ulioletwa kwao kutoka nje. Tofauti ni kwamba mti huu wa ziwani kwao ndiko huko New Mexico, na miiba yake hutoboa godoro la hewa bila shida.

Ninajua kwamba wapo wanaotaka kambi za mchangani zifungwe, watu wote wahamishiwe kwenye viwanja vyenye umeme na sakafu ya zege. Hoja yao ina uzito, hasa baada ya msongamano wa mwisho wa Mei na wa sikukuu ya uhuru ya Julai. Lakini viwanja vya umeme vinamfaa zaidi mwenye nyumba ya magurudumu, na ada yake ni kubwa kuliko ya mchangani. Familia iliyokuja kutoka Albuquerque, mwendo wa kilomita 240 hivi, ikiwa na hema moja, sufuria na mablanketi, inaumudu mchanga. Nazifikiria familia zetu zinazozungumza Kiswahili katika mji huo, zenye watoto wengi na mishahara ya zamu za usiku, ambazo kwao safari ya namna hii ndiyo likizo pekee inayowezekana. Mchanga ukifungwa, hao ndio watakaokuwa wa kwanza kukosa.

Tena uhuru wa kutembea ukingoni una faida zisizopangwa. Mwaka 2014 kundi la marafiki waliokuwa wakisherehekea kabla ya ndoa ya mwenzao waliona pembe imechomoza mchangani. Wakachimba kidogo, wakatuma picha kwa wataalamu wa makumbusho ya historia ya asili ya Albuquerque, na kilichotolewa kilikuwa fuvu la Stegomastodon, mnyama wa kale wa jamii ya tembo, lenye umri wa takriban miaka milioni 3. Wangeweza kuing'oa ile pembe wakaondoka nayo, lakini waliwaita wanaojua.

Ninachokiomba kwa wasimamizi wa hifadhi hakihitaji ujenzi mkubwa. Vyoo na mapipa yawe ya magurudumu, yavutwe kufuata maji kila yanaposhuka au kupanda, na gharama zake zitokane na nyongeza ndogo ya ada kwa magari yanayoingia wikendi za sikukuu peke yake. Mbao zenye misumari zikaguliwe na kuzuiwa langoni. Na kabla ya sikukuu ya Julai, kila gari linaloteremka mchangani likabidhiwe mfuko wa taka pamoja na maelezo ya kuzima moto kwa maji, kwa Kiingereza, Kihispania na, kwa kuwa sasa tupo wa kutosha huko, kwa Kiswahili pia.