Kumfundisha mtoto kusoma nyumbani: aanze na silabi au na foniksi?

Wazazi wengi wa Mbeya wanaoamua kumfundisha mtoto wenyewe kabla ya Darasa la Kwanza huanza kwa kuulizana kitabu gani kizuri. Kitabu kinaweza kusubiri. Cha kuamua kwanza ni mtoto atasoma kwa lugha gani.

Wanaotaka Kiingereza wana hoja nzito, tusiwaseme kwamba wanaringa tu. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeingiza Kiingereza tangu Darasa la Kwanza, wakati ule wa mwaka 2015 ulikisubirisha hadi la tatu. Sekondari masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Halafu kuna usaili: shule nyingi za mchepuo wa Kiingereza humwekea mtoto karatasi asome, mzazi yuko kwenye benchi nje, roho juu. Mzazi wa Uyole aliyeshaanza kujinyima kwa ajili ya ada ya shule hizo, ukimwambia asubiri hakuelewi.

Ndipo anapokutana na foniksi, njia ya kufundisha kusoma Kiingereza kupitia sauti za herufi. Jolly Phonics ya Uingereza, kwa mfano, humfundisha mtoto sauti 42 badala ya kumkaririsha majina ya herufi, na hilo ni jambo zuri. Mtoto aliyeimbishwa "ei, bii, sii" mpaka ikamkaa, mpe neno "kiti". Ile i anaiita "ai", na neno linatoka "kaitai".

Lakini linganisha ugumu wa kazi yenyewe. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja inabaki na sauti yake popote uiwekapo. Mtoto akishazishika ba be bi bo bu na ma me mi mo mu, tayari anasoma mama, baba, bibi, mimi. Kikwazo kinakuja baadaye: ng'ombe na ngoma, dh na gh, na huku kwetu l na r zinazoazimana nafasi kila siku. Kwa Kiingereza, ough hiyohiyo inasomwa kivyake kwenye though, kivyake kwenye through, kivyake tena kwenye cough. Aliyekwisha kujua kuunganisha sauti kwa Kiswahili hafundishwi upya kuunganisha. Anaongezewa tu tabia za Kiingereza. Kwa hiyo mimi naanza na silabi.

Silabi nazo zina ubaya wake, ukariri. Mtoto anaghani ukurasa mzima, ukifunika picha anakwama. Kata boksi la sabuni vipande, andika silabi moja kila kipande, zichanganye, mwambie atengeneze neno. Hapo utajua kama anasoma au anaimba.

Vifurushi vya masomo ya nyumbani vya mwaka mzima kutoka Marekani sivipendekezi. Vinauzwa kwa dola, na hadithi zake zimejaa theluji na sikukuu zisizo zetu. (Tufaha nalisamehe, Njombe na Makete linalimwa.) Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana bure kwenye Maktaba Mtandao yake, na kurasa chache unazichapisha steshenari yoyote pale Mwanjelwa. Udhaifu wake ni kwamba vimetungwa kwa ajili ya darasa lenye watoto wengi. Mtoto mmoja na mama yake mezani huvimaliza haraka, kisha anachoka. Pengo hilo lizibe na maneno yake mwenyewe: akusimulie hadithi aliyoisikia kwa bibi yake, hata kama bibi aliisema kwa Kinyakyusa au Kihehe, uiandike kwa Kiswahili mistari minne, kisha aisome.

Haya yote ni ya kabla ya shule na ya jioni baada ya shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni umri ukifika, na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi husajiliwa kupitia shule.

Kiingereza kwa wakati huo kiingie kwa masikio na mdomo: nyimbo, salamu, majina ya vitu vya jikoni. Kama usaili ni mwaka huuhuu, fundisha foniksi, ila kwa daftari lake na saa yake, kamwe si kwa mkao mmoja na silabi. Na kabla hujatoa hela, nenda shuleni uulize usaili wao unapima nini hasa. Ziko shule zinazoridhika mtoto akitaja jina lake, rangi na namba chache, na kwa hizo kifurushi cha foniksi hukihitaji.