Lava Niliisamehe, Ukuta Siwezi

Jumamosi iliyopita nilipita soko la Virunga, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, nikanunua ndoano mbili na uzi wa nailoni, nikamshika mkono binti yangu wa miaka tisa, tukashuka kuelekea ziwani. Nilitaka kumwonyesha mahali nilipojifunza kuloba, yaani kuvua kwa ndoano. Jiwe tulilokuwa tukilobea juu yake nilijua halipo tena. Nilitaka maji tu. Tukae ukingoni popote karibu na pale, yeye atupe ndoano, mimi nimsimulie.

Tulitembea karibu saa nzima kando ya Ziwa Kivu bila kuliona. Ukuta, geti, ukuta, geti. Upepo wa ziwa ulikuwa unatupiga usoni, harufu ya maji tunaisikia, mawimbi tunayasikia yakigonga mawe upande wa pili. Kwenye geti moja niliomba kwa mlinzi atupishe dakika kumi tu. Alikuwa kijana mwenye adabu. Akasema, "Papa, hapa hakuna njia. Ni parseli ya watu," yaani kiwanja chenye mwenyewe. Kisha akainama kidogo, akamwambia mtoto pole. Ile pole iliniuma kuliko kukataliwa.

Sisi tulikuwa watoto wa Birere, mtaa wa Goma. Siku hizo kushuka ziwani hakukuhitaji ruhusa ya mtu. Kulihitaji tu kumaliza kazi za nyumbani. Kulikuwa na vijia vingi kati ya parseli, vingine vyembamba kiasi kwamba ukikutana na mama mwenye bido (dumu) la maji kichwani unajibana ukutani apite. Kila kijia kiliishia majini. Chetu kiliishia kwenye jiwe pana, jeusi, lililoinama kidogo kama mgongo wa ng'ombe, si mbali na bandari. Hapo ndipo yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alipokata tete la kwanza, akafunga uzi, akanipa.

Aliyetufundisha hasa alikuwa mjomba, mvuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Kazi yake ilikuwa ya usiku: mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wavu katikati, taa juu ya maji ili sambaza wavutwe na mwanga, na wanaume wakiimba huku wakipiga kasia. Nyimbo hizo tulizisikia tukiwa kitandani zikitoka ziwani, kisha zinafifia kadiri mitumbwi inavyokwenda mbali. Lakini usiku wa mbalamwezi taa haina nguvu, samaki hawakusanyiki, na wavuvi hubaki nyumbani. Kwa hiyo masomo yetu yalifuata mwezi. Ukiona mwezi umejaa, ujue kesho mjomba atakuwa na nafasi, na atashuka nasi kwenye jiwe.

Alikuwa na mambo mengi ya kusema akiwa ameshika uzi. Alituambia kwamba sambaza, ambao mtu wa Goma anawala kama urithi wa mababu, ni wageni: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kabla ya hapo katikati ya ziwa hapakuwa na cha kuvua. Hata leo Kivu lina aina chache za samaki, hazifiki hata arobaini, wakati Tanganyika ina mamia. Ziwa letu ni gumu. Chini kabisa, karibu mita 480, kumejaa gesi, na samaki wanaishi tabaka la juu tu. Mjomba hakuwahi kusoma hayo shuleni. Alisema tu, "Ziwa hili linapumua juu, chini halipumui," na nilipokuja kuyasoma nikiwa mkubwa niliona hakukosea.

Alitufundisha pia mazuku, ule upepo mbaya, gesi ya kuua, unaotoka ardhini na kulala mashimoni. Asubuhi mapema, kabla jua halijapasha hewa, usiingie kwenye bonde dogo kutafuta minyoo. Ukiona ndege amekufa shimoni bila jeraha, rudi ulikotoka. Nani anamfundisha mtoto wa leo haya? Mazuku hayafundishwi ukiwa sebuleni. Yanafundishwa kwa kunyoosha kidole: pale, unaona, pale usikanyage.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo, mlima wa volkano ulio juu ya mji wetu, ilipasuka ubavuni. Lava ilishuka, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji, ikachoma kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikaingia ziwani. Sisi tulikuwa tumekimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, kama maelfu ya wengine, mama akiwa na godoro kichwani, mimi nimebeba sufuria yenye maharage ambayo hayakuwa yameiva. Tuliporudi ardhi ilikuwa bado ya moto. Ya nyumba yetu sitasema mengi. Siku niliyoshuka ziwani nilikuta maji yamesogezwa mbali. Mlima ulikuwa umejaza ziwa, umetengeneza mwambao mpya mahali palipokuwa maji, na jiwe letu liko huko chini, ndani ya jiwe jingine.

Nililia. Lakini nataka nieleweke vizuri: sikukaa na hasira. Lava ilipopoa, watoto walirudi. Mawe mapya yalikuwa makali kama chupa zilizovunjika, tukavaa kandambili mbilimbili, tukatafuta pa kusimama, tukatupa ndoano. Tilapia wa kwanza niliyemvua pale juu ya lava nilimpelekea mama, naye akamkaanga bila kusema neno. Mlima ulichukua mahali pangu, ukaacha mahali pengine, na haukuweka geti.

Geti liliwekwa na watu, polepole, mwaka baada ya mwaka. Parseli moja inapata mwenyewe mpya, anajenga nyumba ya ghorofa, kijia kinakuwa maegesho. Nyingine inakuwa hoteli. Na kuta zenyewe zimejengwa kwa lava ileile. Kila mtu wa Goma anajua kazi hiyo: vijana wenye nyundo wanapasua mawe juani kutwa nzima, yanapangwa, yanafungwa kwa saruji. Nyumba yetu ilisimama tena kwa mawe hayo, na bila hayo sijui tungejenga kwa nini. Sina ugomvi na jiwe. Ugomvi wangu ni mahali linapowekwa.

Nimeshasikia majibu. Wenye parseli wana hati zao, wamelipa. Hoteli zinawapa vijana wetu kazi. Usalama ni mbaya, nani ataacha ua wake wazi? La mwisho nalielewa kabisa. Mimi pia nafunga mlango mapema, na katika mji uliopitia vita kama wetu siwezi kumlaumu anayeogopa. Lakini hati ni ya kiwanja. Katiba yetu ya mwaka 2006, ibara ya 9, inaweka mikononi mwa Dola mamlaka ya kudumu juu ya ardhi, maji na maziwa. Hakuna aliyenunua Kivu. Na kijia cha mita tatu kati ya kuta mbili hakimnyimi mtu usingizi. Kuta zibaki zilivyo, za urefu wanaoutaka. Naomba kati yake tu.

Mtu ataniambia kwamba nahangaikia ndoano wakati mji una shida kubwa zaidi. Basi tuseme juu ya bido. Mabomba ya Goma yanakauka siku nyingi, na familia nyingi zinachota ziwani. Wanaochota ni akina mama na watoto. Kila kijia kinachofungwa kinawatuma wote kwenye nafasi zilezile chache zilizobaki. Nenda Kituku, soko la ukingoni mwa ziwa, asubuhi: mitumbwi inashusha ndizi na makaa, samaki wanauzwa, nguo zinafuliwa, mtu anaoga, na hatua tano kutoka hapo mtoto anazamisha bido la maji ya kunywa. Kuna watu wanaosimama ukingoni kutia klorini katika mabido, Mungu awabariki, lakini dawa inafanya kazi ya kurekebisha kile ambacho msongamano unaharibu kila siku. Tunazungumzia kipindupindu kila mwaka kama mvua, na vijia hatuvizungumzii.

Hata samaki wanahusika. Mjomba alikuwa akimrudisha majini kila mdogo asiyezidi kidole. Leo kuna wanaovua kwa vyandarua vya mbu na kukomba vifaranga, na sijawahi kuona mtu wa mtaani akiwakemea. Mtoto aliyekua nyuma ya ukuta hana sababu ya kuwakemea.

Siku ile tulimalizia Kituku kwenyewe. Tulipata nafasi ndogo kati ya mitumbwi miwili, na mvuvi mmoja mzee akasogeza kamba zake ili mtoto akae. Alitupa ndoano mara nyingi, nyingine ikinasa mifuko ya plastiki. Hakupata kitu. Akaniuliza, "Papa, jiwe lako liko wapi?" Nikamwonyesha upande wa bandari, kwenye kuta.

Jumatatu nilikwenda kwa mkuu wa nyumba kumi, tukakaa na majirani wanne tukaandika barua kwa shefu wa karitiye, kiongozi wa mtaa. Tunaomba kijia kimoja, mita tatu, kinachofika majini, ambacho wazee wawili wa avenyi (barabara) yetu wanakikumbuka na wako tayari kukionyesha kilipopita. Imesainiwa na watu 41, wengi wao akina mama wanaochota. Anayetaka kuongeza jina lake, nakala bado iko kwangu hadi Ijumaa.