Sio uzee tu, angalieni na dawa
Mwandishi wa makala ya wazee kukauka mdomo kasema wanakaukwa mate sababu ya umri, sawa, ila dawa kazigusa juu juu na hapo ndo penye shida kubwa. Bibi yangu ana miaka 78, akila muhogo wa kuchemsha lazima kikombe cha maji kiwe pembeni, kila tonge anasukumia, usiku ulimi unagandia kwenye kaakaa na sisi tunasema tu aah uzee huo. Kumbe ni vile vidonge vya aleji alivyokua anameza kila siku apate usingizi, juu yake vya presha vya kukojoza!! Daktari kambadilishia, sahivi anatafuna karanga na vimeno vyake vilivyobaki. Halafu mate yakipungua meno yanaoza haraka jamani, msiwape pipi za sukari wamung'unye eti mdomo ulainike.