Daktari wa simu alijue zizi kwanza

Ng'ombe kaacha kula, anahema kwa shida, tezi za chini ya sikio zimevimba. Mfugaji anamtumia daktari wa mifugo video kwa WhatsApp na kujibiwa: "Mpige OTC," yaani antibiotiki ya oksitetrasaiklini. Kama ni ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, siku imepotea. Dalili zikishajitokeza, oksitetrasaiklini haifui dafu. Inatakiwa dawa ya buparvakwoni (ile ya miligramu 50 kwa mililita), mililita 1 kwa kila kilo 20 za uzito, kwenye msuli wa shingo, tena mapema. Ndigana baridi, ugonjwa mwingine wa kupe, ndiyo inayosikia OTC, nayo huanza kwa homa na kususa malisho vilevile.

Video haipapasi tezi wala haipimi joto. Uzito nao ni mtego: ng'ombe wa kilo 300 akikisiwa 200, atapata mililita 10 badala ya 15.

Sipingi simu, maana daktari hawezi kufika kila boma. Ila kanuni za Baraza la Veterinari ziulize jambo moja kabla ya antibiotiki kuandikwa kwa mbali: daktari huyu analijua zizi hili? Uingereza waliandika hivyo kwenye mwongozo wa 2023. Kwa mifugo ya chakula, daktari anayeandika antibiotiki awe anafahamu kwa kina mfumo wa ufugaji, mazingira, magonjwa ya eneo na afya ya kundi zima. Ukishukiwa ugonjwa ambao sheria inataka utolewe taarifa serikalini, mnyama achunguzwe ana kwa ana.

Kwetu mikono ya daktari ingekuwa afisa mifugo wa kata, mwenye kipimajoto (nyuzi 39.5 kwenda juu kwa ng'ombe mzima aliyetulia kivulini ni homa), utepe wa kupimia kifua ili kukadiria uzito, na vioo vya kuchukulia damu ya sikioni ikapimwe kwa hadubini. Bila hivyo vitatu, mashauriano yaishie kwenye ushauri, dawa isiandikwe.

Mnyama akifa ghafla huku damu isiyoganda ikitoka puani au njia ya haja, jibu la simu ni moja tu: msimchune, msimpasue, toeni taarifa. Huenda ni kimeta, na vijidudu vyake vikikutana na hewa hujenga mbegu zinazodumu ardhini miaka mingi.

Cheti cha dawa kitaje namba ya usajili ya daktari, alama ya mnyama, dozi, na siku ambazo maziwa hayauzwi. Na kimfunge muuza duka pia. OTC ikiendelea kuuzwa kaunta kama chumvi, daktari wa simu atabanwa peke yake na mfugaji atamruka tu.