Joka la pangoni sio hatari kubwa

Watu wengi waliosoma The Faerie Queene ya Edmund Spenser, lile shairi refu la Uingereza lililoanza kutoka 1590, wanakumbuka ile vita ya mwanzo kabisa, Redcrosse, yule shujaa kijana, anamkata kichwa joka Errour, wema umeshinda upotofu, basi. Mi naona hapo tunasoma haraka mno.

Angalieni kwanza walifikaje pale. Mvua imewakuta njiani, Redcrosse na Una (huyo Una ni mwanamke anayesafiri naye, kwenye fumbo ndo ukweli wenyewe) na mbilikimo wao, wakaingia msituni kujikinga, miti mirefu imeziba mbingu, ndege wanaimba, wakawa wanasifia mti huu na mti ule, mvua ilipokatika wanajikuta hawajui pa kutokea. Wakafuata njia iliyokanyagwa sana kuliko zote. Yaani hakuna aliyewadanganya, walipotea huku wanafurahia, na njia ya wengi ndo ikawafikisha mlangoni kwa joka! Ndivo tunavopotea kweli.

Una akamwonya, mbilikimo naye akapiga kelele wakimbie, kijana damu inachemka akaingia. Deraya aliyovaa ina makovu ya vita vya zamani lakini yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kupigana, na mwanga alionao mle pangoni ni ule kidogo tu unaotoka kwenye hiyo deraya. Errour, nusu mwanamke nusu nyoka, akamzungushia mkia akambana asiweze kutikisa mkono wala mguu, mpaka Una alipompigia kelele aongeze imani kwenye nguvu zake ndo akapata kumkaba koo. Joka likatapika sumu imejaa vitabu na makaratasi, na vyura wasio na macho. Hicho kipande kila nikisoma nasisimka, maana enzi hizo Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wanashambuliana kwa maandishi na Spenser alijua uongo unavokaa vizuri kwenye karatasi.

Sasa jioni ileile. Una ameshamsifu, wamechoka, wanakutana na mzee mwenye ndevu za mvi, peku, kanzu nyeusi, anajipigapiga kifua kwa toba, na kiunoni ananing'iniza kitabu. Kitabu tena! Lakini hiki hakikutapikwa, kimevaliwa kwa heshima, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Spenser hapo anawapiga vijembe Wakatoliki na hilo silipendi, ila fumbo lenyewe linabaki na nguvu ukilitoa huko, kwa sababu mzee ni Archimago mchawi, akawakaribisha kwake walale, wakalala, akaingia chumbani kufungua vitabu vyake vya uchawi akatengeneza Una wa uongo.

Redcrosse aliyemshinda Errour mchana akaamini alichoonyeshwa usiku, kwamba Una si mwaminifu. Hakumuuliza Una hata neno moja. Alfajiri akachukua farasi wake akaondoka na mbilikimo, na Una, yuleyule aliyemwokoa pangoni, akaamka akakuta hawapo.