India: Faini Imepanda, Mlango wa Leseni Bado Uko Wazi

Katikati ya miaka ya 2000, jijini Delhi, watafiti wa uchumi waliwafuata watu waliokuwa wakienda kuomba leseni ya udereva. Wakapata watu 822, wakawagawa mafungu matatu. Fungu la kwanza liliachwa lijiendee lenyewe. La pili liliahidiwa rupia 2,000 kwa kila atakayepata leseni ndani ya siku 32, ilhali sheria yenyewe inamtaka mwombaji akae na leseni ya lena siku 30 kabla ya mtihani. La tatu lililipiwa masomo ya udereva. Mwishoni waliopata leseni walitahiniwa upya na mtu asiyehusika kabisa na ofisi ile, ionekane kama kweli wanajua kuendesha.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Karibu asilimia 71 ya waliopata leseni hawakuwa wamefanya mtihani wa udereva. Asilimia 62 hawakuwa na uwezo wa kuendesha gari wakati wanapewa leseni. Waliokuwa wakikimbilia zawadi ndio waliozipata leseni kwa wingi, wakilipa pembeni, wengi wao bila kujua kuendesha. Waliosoma walikuwa madereva wazuri zaidi, lakini masomo yao hayakuwasaidia sana ofisini: nafasi yao ya kupata leseni iliizidi kidogo tu ile ya walioachwa wajiendee. Kwa sababu pale mlangoni walikuwepo mawakala, hao ambao sisi Bongo tungewaita vishoka. Aliyepitia kwao aliukwepa mtihani. Aliyekwenda mwenyewe alikutana na mtahini aliyeangusha watu ovyo, anayejua na asiyejua wote mamoja. Ada halali ilikuwa kama rupia 450, na watu walijikuta wametoa takriban 1,120.

Nimeanza na utafiti huo, wa zamani kidogo, kwa sababu mjadala wa usalama barabarani nchini India siku hizi unaanzia mwisho. Unaanzia kwa trafiki aliyesimama njia panda, na faini, na kamera. Ni mjadala wa haki kabisa, maana mwaka 2022 pekee barabara za India ziliua watu 168,491. Kati yao zaidi ya 50,000 walikuwa kwenye pikipiki na skuta bila kofia ngumu, na zaidi ya 16,000 walikuwa ndani ya magari bila mkanda. Mtu akizisoma takwimu hizo, cha kwanza kumjia kichwani ni kwamba sheria iume.

Na sheria iliumishwa. Sheria ya Magari ya mwaka 1988 ilirekebishwa mwaka 2019, na faini mpya zikaanza Septemba 1. Kutofunga mkanda kukapanda kutoka rupia 100 hadi 1,000. Kuendesha bila leseni, kutoka 500 hadi 5,000. Ulevi, kutoka 2,000 hadi 10,000 kwa kosa la kwanza. Mzazi au mwenye gari aliyemwachia mtoto usukani anakabiliwa na faini ya rupia 25,000 na kifungo cha hadi miaka mitatu. Siku chache tu baadaye habari za mwendesha skuta mmoja aliyekamatwa Gurugram, mji ulio kando ya Delhi, zikaenea nchi nzima: makosa yake yalijumlishwa yakafika rupia 23,000, naye akasema skuta yenyewe haizidi 15,000.

Watetezi wa faini hizo wana hoja yenye uzito. Rupia 100 ilikuwa imeliwa na mfumuko wa bei miaka mingi, haikumtisha hata mwanafunzi. Wiki zile za mwanzo watu walipanga foleni kukata bima na kupima moshi wa magari, na kofia ngumu zikanunuliwa. Woga huo ulikuwa wa kweli, na siwezi kuudharau, maana kofia iliyonunuliwa kwa woga inalinda fuvu sawasawa na iliyonunuliwa kwa hiari.

Wapinzani nao hawakuwa wahuni. Jimbo la Gujarat lilishusha baadhi ya faini hata kabla mwezi haujaisha, ya mkanda na ya kofia zikawa rupia 500. West Bengal ikakataa kuzianzisha. Hoja yao ilikuwa kwamba dereva wa bajaji anayelala na rupia mia chache mfukoni hawezi kupimwa kwa kipimo kimoja na mwenye gari la kifahari. Iko hoja nyingine iliyosemwa kwa sauti ya chini, nami naiona nzito zaidi: faini ikipanda mara kumi, hongo nayo inapanda. Askari aliyekuwa akiridhika na rupia 50 sasa ana sababu ya kudai 500, na dereva ana sababu ya kuzitoa, kwa kuwa bado ameokoa nusu. Mahali ambapo leseni yenyewe ilinunuliwa, ni vigumu kuamini kwamba kosa halitanunuliwa.

Hapo Gujarat ikaniangusha. Desemba ya mwaka huohuo serikali ya jimbo ilitangaza kwamba kuvaa kofia ndani ya miji si lazima. Kumwonea huruma maskini kwa kumpunguzia faini ninakuelewa. Kumruhusu apasue kichwa kwa sababu yuko mjini sikuelewi, na uamuzi huo haukudumu.

Kerala ilichukua njia ya tatu: kumwondoa askari katikati. Juni 2023 ziliwashwa kamera 726, nyingi zikiwapiga picha wasiovaa kofia, wasiofunga mkanda na wanaoshika simu, na faini ikatumwa nyumbani. Vifo vya barabarani jimboni, vilivyokuwa zaidi ya 4,300 mwaka 2022, vilishuka hadi karibu 4,080 mwaka 2023. Upinzani ukapiga kelele kuhusu mkataba wa kamera hizo, na ajali zilizoandikishwa ziliongezeka badala ya kupungua. Mimi naisoma hivi: kamera imewavisha watu kofia na mikanda, kwa hiyo wanaogongana wanapona zaidi. Kuwafundisha kutogongana ni kazi nyingine, na kamera haiwezi kuifanya.

Wasomaji waliowahi kusindikiza mgonjwa Chennai au Delhi watanielewa hapa. Magari yanapita kushoto kama kwetu, bajaji ni zilezile zinazotoka huko kuja kwetu, lakini dakika kumi ndani ya teksi zinatosha kujua kwamba barabara ile ina sheria zake ambazo hazikuandikwa popote. Malori yamechorwa nyuma maneno ya kumwomba anayetaka kupita apige honi. Honi si tusi, ni taarifa: nipo, napita. Wapo wanaosema kwamba dereva wa India ni hodari kwa sababu hiyo, anaona pande zote, anapenya panapotosha kupenya. Uhodari huo upo kweli, na mwendo ukiwa mdogo unafanya kazi. Sasa chukua dereva huyohuyo umweke kwenye barabara kuu mpya za njia sita, ambazo India imezijenga kwa kasi kubwa. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa honi haina muda wa kumfikia mtu. Alipaswa kufundishwa umbali wa kuachiana, matumizi ya vioo, njia ya kulia ni ya nani. Hakufundishwa, na leseni anayo.

Hata fedha na elimu hazikuziba pengo hilo. Septemba 4, 2022, Cyrus Mistry, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa Tata Sons, kampuni mama ya kundi la Tata, alikufa katika ajali ya Mercedes huko Palghar, kaskazini ya Mumbai. Alikaa kiti cha nyuma bila mkanda. Waliokaa mbele walipona, wawili wa nyuma walikufa. Mkanda wa nyuma ulikuwa tayari ni lazima kisheria, ila ilikuwa kama siri. Baadaye ikaonekana pia kwamba maduka ya mtandaoni yanauza vibanio vya kuchomeka kwenye kufuli la mkanda ili kengele inyamaze, na mwaka 2023 mamlaka ya kulinda walaji ikayaamuru maduka matano yaviondoe. Mtu anayetoa fedha yake kununua kifaa cha kunyamazisha kengele inayomlinda hajawahi kukaa mbele ya mwalimu aliyemweleza mwili unafanywa nini gari linaposimama ghafla.

Ndiyo maana kanuni zilizoanza Julai 2021 zinanivutia kuliko faini zote. Zimeanzisha vituo vya mafunzo vilivyoidhinishwa: saa 29 kwa gari dogo, 8 za darasani na 21 za usukani, na saa 38 kwa gari kubwa. Darasani unasomwa ustaarabu wa barabarani, visa vya ajali na huduma ya kwanza. Anayehitimu hafanyi tena mtihani wa serikali. Hapo ndipo penye ubishi. Wanaounga mkono wanasema kishoka anakosa kazi, kwa kuwa mtihani wake wa kuuza haupo. Wanaopinga wanasema kishoka amehamishwa tu kutoka uchochoro wa ofisi hadi kwenye kituo cha binafsi, anayefundisha ndiye anayefaulisha, tena ndiye anayepokea ada. Mimi niko nao nusu. Saa 29 ni neema kwa nchi ambako wengi walifundishwa na mjomba uwanjani, lakini mtihani ulipaswa kubaki, mikononi mwa mtu asiyeijua sura ya mwanafunzi.

Wahandisi watasema nimewabebesha madereva mzigo wote. Kweli, kwenye barabara ya Mumbai hadi Pune vifo vilipungua kwa zaidi ya nusu kati ya mwaka 2016 na 2023, baada ya kingo za zege kuwekewa vizuizi, malori yaliyoegeshwa ovyo kuondolewa na mwendo kusimamiwa. Sheria ya 2019 inamwajibisha hata mkandarasi aliyejenga vibaya, kwa faini isiyozidi rupia 100,000. Ukiiweka kando ya 25,000 na jela kwa mzazi, utaona ni nani aliyeogopwa wakati wa kuandika.

Mwaka 2024 ulianza na mgomo wa malori. Sheria mpya ya jinai iliweka kifungo cha hadi miaka 10 kwa dereva aliyeua barabarani kwa uzembe akakimbia bila kutoa taarifa. Madereva wakaegesha, foleni za mafuta zikajaa mijini, na siku ya pili tu serikali ikaahidi mashauriano. Sheria ilipoanza kutumika Julai 1, kifungu hicho kiliwekwa kando. Familia za waliogongwa na kuachwa barabarani zina haki ya kukasirika. Madereva walijitetea kwamba anayebaki anapigwa na umati, na katika hilo hawasemi uongo.

Asiyewahi kufundishwa hajui kwamba anaweza kusogea hadi kituo cha polisi kilicho karibu akatoa taarifa, wala jinsi ya kuzuia damu kabla ya gari la wagonjwa kufika. Saa 38 za kanuni mpya zina nafasi ya kumwambia hayo dereva anayeanza leo. Kizazi kilichochukua leseni wakati ule wa rupia 1,120 kina miaka ishirini kwenye usukani sasa.